Damu na Maumivu ya Tumbo Katika Mimba Changa

Bibi aliyepata kupoteza mimba, akishika nyingine, haihesabu kwa miezi kama wenzake. Huihesabu kwa siku, na kila aendapo msalani hutazama nguo yake kabla ya jambo lingine lo lote. Siku aonapo doa la damu, au tumbo likimkaza kama wakati wa hedhi, moyo wake humwambia kwamba yaliyompata mara ya kwanza yamerudi. Wengine hulala kitandani siku tatu wakingoja litakalokuwa. Wengine huenda kwa jirani kuomba mizizi ya kuchemsha. Wengine hawamwambii mtu ye yote, hata bwana wao. Katika hayo matatu hakuna hata moja linalomsaidia, na lo lote katika hayo laweza kumwua, kama itakavyoelezwa.

Jambo la kwanza lipasalo kujulikana ni kwamba kuona damu si sawa na kupoteza mimba. Katika kila waja wazito wanne, mmoja hivi huona damu katika miezi mitatu ya kwanza, na zaidi ya nusu yao huendelea mpaka wakajifungua salama. Hata kwa yule aliyepoteza mimba moja zamani, hesabu iko upande wake: kati ya wanawake watano wa namna hiyo washikao mimba tena, wanne hivi huzaa. Waliopoteza mbili au tatu hesabu yao hupungua, lakini hata baada ya tatu, walio zaidi ya nusu hupata mtoto. Ni kweli kwamba hesabu ya watu wengi haiwezi kumwambia bibi mmoja yeye yuko katika fungu gani. Hilo hujulikana kwa kupimwa tu.

Damu hutoka wapi

Yai likisha kutungwa husafiri katika mrija wa uzazi kwa siku chache, likafika katika kizazi na kujichimbia katika ukuta wake, ambao wakati huo umejaa mishipa midogo ya damu. Wanawake wengine huona damu kidogo karibu na siku ambayo hedhi ilitazamiwa, ya rangi ya waridi au ya kahawia, nayo hukoma yenyewe. Baadaye, kondo la nyuma linapojijenga, damu yaweza kukusanyika kati ya kifuko cha mimba na ukuta wa kizazi, kama maji ya mvua yajikusanyavyo nyuma ya lipu ya nyumba. Sehemu ya damu hiyo hutoka nje, mara nyingine kwa wingi wa kutisha, na iliyobaki hunyonywa na mwili polepole. Mwenye hali hiyo hutakiwa kuangaliwa mara kwa mara, lakini wengi katika hao huzaa watoto wazima.

Mlango wa kizazi nao hulainika na kujaa damu katika mimba, hata ukiguswa tu waweza kutoa matone. Ndiyo maana wengine huona damu baada ya kukutana na bwana zao, au wakiwa na ugonjwa ukeni unaotaka dawa. Kukutana na mume hakutoi mimba. Jambo hilo huulizwa sana, na mara nyingi huulizwa kwa haya. Lakini wakati damu ingali ikitoka, madaktari wengi hushauri watu wangoje mpaka ikome.

Damu ya kahawia ni damu iliyokaa ndani kwa muda, na nyekundu ni mpya. Rangi peke yake haitoi hukumu.

Maumivu nayo yana asili nyingi. Kizazi kinapokua huvuta kano zinazokishikilia. Homoni za mimba hulegeza matumbo, chakula kikapita polepole, na bibi akajaa gesi na kufunga choo. Maumivu mepesi yajayo na kuondoka, pande zote mbili, ni ya kawaida. Maumivu ya chini ya kitovu pamoja na kuwashwa wakati wa kukojoa huenda yakawa ya ugonjwa wa njia ya mkojo, nao hauachwi bila dawa katika mimba.

Kwa nini mimba hutoka

Hapa ndipo penye maneno mengi mitaani na vijijini. Mimba ikitoka, mtu hutafutwa wa kulaumiwa, na kwa kawaida hupatikana upesi: mama mwenyewe. Husemwa kwamba alibeba mtungi mzito, kwamba alilima jua kali, kwamba aligombana na wifi yake, kwamba zamani alitumia vidonge vya kupanga uzazi, au kwamba yuko mtu aliyemtazama kwa jicho baya.

Yaliyogunduliwa na wataalamu ni mengine kabisa. Kila chembe ya mwili wa mtu ina kromosomu 46, ambazo ni kama nyuzi zinazochukua maagizo yote ya kuujenga mwili. Mtoto hupata 23 kwa mama na 23 kwa baba. Mara nyingi hesabu hiyo hukosewa wakati yai au mbegu inapotengenezwa. Uzi mmoja ukazidi au ukapungua, na mimba ikashindwa kuendelea. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema hutoka kwa sababu hii. Tena, kosa hilo huwa limekwisha kutokea siku ile ile mimba ilipotungwa, kabla mama hajajua kwamba ana mimba, na kabla hajainua huo mtungi. Kosa la namna hiyo huongezeka kadiri umri wa mama unavyozidi, hasa apitapo miaka 35, nalo laweza kutoka katika mbegu ya baba vile vile.

Yako maradhi yanayoweza kuidhuru mimba, na hayo yana dawa. Malaria ni mojawapo, na katika Kenya yamezidi kando ya Ziwa Victoria na Pwani. Mja mzito mwenye homa hupaswa kupimwa damu siku hiyo hiyo, na kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Kisukari kisichotunzwa, kaswende, na ugonjwa wa tezi ya shingo ni mengine. Pombe na tumbaku humdhuru mtoto bila shaka yo yote. Bibi aliyepoteza mimba mbili au tatu mfululizo ana haki ya kuuliza hospitalini apimwe damu kwa sababu hizi, kwa maana wako wanawake ambao damu yao huganda upesi kupita kiasi, nao husaidiwa kwa dawa za kuzuia kuganda.

Mimba iliyokaa mahali pasipo pake

Katika kila mimba 100, moja au mbili hazifiki katika kizazi. Yai hukwama njiani, mara nyingi sana ndani ya mrija, likaanza kukua humo. Mrija ni mwembamba na hauwezi kumchukua mtoto. Mimba hiyo haiwezi kuokolewa wala kuhamishwa, na ikiachwa yaweza kuupasua mrija, damu ikamwagika ndani ya tumbo. Zamani wanawake wa namna hii walikuwa wakifa tu, mpaka mwaka 1883 Lawson Tait, daktari wa mji wa Birmingham katika Uingereza, alipompasua mwanamke mmoja, akaufunga mrija uliopasuka, na mgonjwa akapona. Siku hizi operesheni hiyo ni jambo la kawaida, na kama hali ikigunduliwa mapema, yaweza kutibiwa kwa sindano bila kupasua.

Dalili zake huonekana mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya kumi, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Maumivu huwa ya upande mmoja, makali, na hayaondoki. Damu itokayo nje huenda ikawa kidogo tu, na hili ndilo linalowadanganya watu, kwa sababu iliyo nyingi inamwagika ndani. Bibi huona kizunguzungu asimamapo, hutokwa na jasho la baridi, au huzimia. Wengine huumwa kwenye ncha ya bega, jambo linaloonekana kuwa la ajabu. Lakini damu iliyo tumboni husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Mtu akimwona mja mzito akishika bega na kuyumba, asimkande kwa mafuta. Atafute gari au pikipiki saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na bibi asisafiri peke yake. Hii ndiyo sababu kulala kitandani siku tatu, au kunywa mizizi, au kunyamaza, kwaweza kuleta kifo.

Aliyepata mimba ya namna hiyo zamani yumo katika hatari ya kuipata tena. Huwapata kiasi cha mmoja kati ya kumi. Yeye asingoje kuona damu. Mimba ifikapo wiki ya sita yafaa akapigwe picha, ili ijulikane imekaa wapi.

Dalili nyingine za kukimbilia hospitali ni damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo. Homa au baridi ya kutetemeka. Na uchafu wenye harufu mbaya. Damu kidogo isiyo na maumivu makali haihitaji safari ya usiku, lakini yahitaji safari ya kesho.

Hofu ya kuulizwa

Kutoka mimba na kutoa mimba ni maneno mawili yanayokaribiana mno masikioni, na ukaribu huo umewaletea mabibi wengi taabu. Mwanamke avujaye damu huogopa kwamba atakapofika hospitalini atashukiwa ameitoa kwa mkono wake, kwa hiyo hukaa nyumbani. Tena, neno la Kiingereza ambalo madaktari wamezoea kuliandika kwenye kadi mara nyingi ni lile lile kwa yote mawili, na bibi aliyesoma hulia alionapo. Asilie kwa hilo. Maana yake katika karatasi ya daktari ni kwamba mimba imetoka au yataka kutoka, basi.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, husema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mwanamke anayevuja damu yumo katika dharura, na muuguzi hana ruhusa ya kumrudisha mlangoni. Kwa upande wake, bibi amwambie daktari ukweli wote, pamoja na dawa yo yote aliyokunywa, iwe ya dukani au ya miti, kwa kuwa daktari asiyejua aliyoyanywa mgonjwa aweza kumpa nyingine isiyopatana nayo.

Yafanywayo hospitalini

Muuguzi kwanza atapima mapigo ya moyo na nguvu ya damu, na kuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Bibi asiyekumbuka tarehe humpa daktari kazi kubwa. Afadhali iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Mkojo utapimwa, na damu pia, ili wingi wake na kundi lake vijulikane. Mwenye damu ya resusi hasi, ambao ni wachache katika Waafrika, huenda akahitaji sindano ya kuilinda mimba ijayo, hasa ikiwa mimba imepita wiki ya kumi na mbili. Akumbushe jambo hilo mwenyewe.

Kisha ni picha, ambayo wengi huiita altrasaundi. Chombo chake hutumia mawimbi ya sauti, wala si miali ya eksirei, na hakimdhuru mtoto. Picha za kwanza za namna hii za tumbo la uzazi zilitangazwa mwaka 1958 na Ian Donald na wenzake wa Glasgow, katika Scotland, mji wa viwanda vya meli, na chombo chao kilitokana na kile kilichotumiwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Katika wiki za mwanzo picha huonekana vizuri zaidi kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni. Wengi hukikataa kwa kuogopa kwamba kitaigusa mimba. Hakifiki huko.

Mpigo wa moyo wa mtoto huanza kuonekana karibu na wiki ya sita. Ukisha kuonekana, hata kama damu ingali ikitoka, walio wengi sana huendelea na mimba zao. Lakini picha ikipigwa mapema mno, kifuko kitupu huenda kikawa ndicho pekee kionekanacho, na daktari atamwambia bibi arudi baada ya wiki moja au mbili. Maneno hayo ni magumu kuliko yote kwa mtu aliyekwisha kufiwa na mimba, na si ajabu akidhani daktari anamficha jambo. Hamfichi. Mimba ya wiki tano yenye afya na mimba iliyosimama zaweza kufanana kabisa siku hiyo, na muda ndio utakaozitofautisha. Wakati mwingine damu hupimwa mara mbili, saa 48 zikiwa katikati, ili homoni ya mimba ionekane kama yapanda au yashuka.

Habari za dawa

Kwa miaka mingi mabibi waliambiwa walale kitandani. Uchunguzi haukuonyesha kwamba kulala huzuia mimba kutoka. Mwenye kuchoka apumzike, na mwenye bwana muungwana achotewe maji, lakini aliyeendelea na kazi zake nyepesi asijione mkosaji.

Dawa moja imepata ushahidi, na inawahusu hasa wanawake wanaoelezwa katika habari hii. Projesteroni ni homoni ambayo mwili wa mja mzito huitengeneza ili kizazi kitulie. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 48 za Uingereza, kwa wanawake 4,153 waliokuwa wakivuja damu katika mimba changa. Nusu yao walipewa projesteroni, na nusu walipewa kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani yake, bila mtu kujua amepewa kipi. Walipochukuliwa wote pamoja, waliozaa walikuwa 75 katika kila 100 kwa upande wa dawa, na 72 kwa upande wa pili. Tofauti ndogo, ambayo yaweza kuwa ya bahati tu. Lakini katika wale waliopata kupoteza mimba tatu au zaidi, walikuwa 72 dhidi ya 57. Kwa hiyo tangu mwaka 2021 mwongozo wa matibabu wa Uingereza unashauri kwamba bibi anayevuja damu, aliyepata kupoteza mimba hata moja, na ambaye picha imeonyesha kwamba mimba imo ndani ya kizazi, apewe projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na jioni. Na mpigo wa moyo ukisha kuonekana, aendelee nayo mpaka wiki ya 16.

Ni vizuri kuona mipaka ya jambo hilo. Dawa hii haiwezi kurekebisha kosa la kromosomu. Haikuwasaidia ambao hawakupata kupoteza mimba kabla. Na kuitumia kabla ya kujua mimba iko wapi ni hatari, kwa kuwa mwenye mimba ya mrijani atakaa akijidhani anatibiwa. Basi isinunuliwe dukani kwa kusikia tu. Daktari aulizwe, na aulizwe waziwazi.

Kwa maumivu, parasetamoli yatosha. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu huzimeza kama karanga, ziachwe katika mimba isipokuwa daktari ameagiza. Kukandwa tumbo na mkunga kwa ajili ya kuirudisha mimba mahali pake hakurudishi kitu, na kama mrija umejaa, kwaweza kuupasua.

Ikiwa mimba imetoka

Mara nyingine yote hufanywa sawasawa, na mimba hutoka. Ikiwa damu si nyingi na homa hakuna, bibi huulizwa achague: kungoja mwili ujisafishe wenyewe kwa wiki moja au mbili, kutumia vidonge vinavyokikaza kizazi, au kusafishwa kwa chombo kidogo cha kufyonza, jambo la dakika chache. Anayengoja aambiwe mapema kwamba maumivu yatakuwa makali kuliko ya hedhi, na kwamba mabonge ya damu yatatoka, ili asishtuke akiwa peke yake.

Huzuni ifuatayo ni msiba kweli, ijapokuwa mara nyingi hakuna kaburi wala matanga. Bwana naye huhuzunika, na kwa kuwa hakuna ampaye pole, mara nyingi huonekana kama mtu asiyejali. Wanaokuja kuwaona wasiseme kwamba bado ni vijana watapata mwingine. Pole yatosha.

Yai jipya laweza kutoka wiki mbili tu baada ya mimba kutoka, kwa hiyo bibi asiyetaka kushika upesi aombe njia ya kupanga uzazi mara moja. Kuhusu wanaotaka, mwaka 2005 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri wangoje miezi sita. Lakini mwaka 2010 ulitangazwa uchunguzi wa wanawake zaidi ya 30,000 wa Scotland, na walioshika kabla ya miezi sita hawakuonekana kupata madhara zaidi ya wengine; bali walipoteza mimba mara chache zaidi. Aliyepona mwili na kutulia moyo hana haja ya kuhesabu miezi. Akishika, aanze vidonge vya asidi ya foliki, na aende kliniki kabla ya wiki ya kumi na mbili, akieleza tangu siku ya kwanza yaliyompata zamani ili yaandikwe katika kijitabu chake.

Kipimo cha mkojo chaweza kuendelea kuonyesha mimba hata wiki tatu baada ya kutoka, kwa sababu homoni hukawia kuisha mwilini. Kipimo hicho kisichukuliwe kuwa habari ya mimba mpya. Kirudiwe baada ya wiki tatu. Na kama bado kinaonyesha mimba, bibi arudi hospitalini apigwe picha tena.